Kuhesabu Chakula kwa Simu ya Mkononi

Mwaka huu nimeulizwa mara nyingi na wazazi, na hata na walimu wenzangu, kama ni kweli kwamba simu ya mkononi yaweza kumpunguzia mtu uzito. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Biolojia, wengi hudhani kwamba sina budi kuwa na jibu moja fupi, ndiyo au siyo. Jibu fupi sinalo. Jibu refu ninalo, na Mhariri wa gazeti letu amenipa nafasi ya kulieleza. Nawaomba wasomaji wanivumilie, maana jambo hili lina hesabu ndani yake, na hesabu haitaki haraka.

Kwanza tuondoe dhana moja. Simu haipunguzi uzito wa mtu yeyote. Kazi yake ni kuandika na kujumlisha. Ni karani tu, na karani hata akiwa hodari namna gani huandika kile alichoambiwa na tajiri wake. Akidanganywa, na daftari lake litadanganya. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na jambo hili moja.

Kwa nini jambo hili limetufikia hapa Maji ya Chai

Zamani mtu wa mitaa hii hakuwa na haja ya kuhesabu chakula chake. Mama aliyepeleka ndizi sokoni alizibeba kichwani na kwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu akipanda mlima. Baba alilima kahawa na migomba kwa jembe. Chakula kilikuwa ndizi, makande, loshoro, maharage na mboga za shambani, na mafuta yalikuwa kitu cha kutiwa kwa uangalifu. Leo bodaboda humchukua mtu mlangoni na kumshusha mlangoni. Kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, chipsi na soda hupatikana tangu asubuhi hadi usiku. Mafuta ya kupikia hupimwa dukani kwa bei ndogo ndogo, na kila nyumba hununua. Sisemi kwamba maendeleo haya ni mabaya. Nasema kwamba mwili wa binadamu haukupewa taarifa kuwa mambo yamebadilika.

Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini mwetu katika miaka ya 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 34 walikuwa wamedumaa, na uchunguzi wa mwaka 2022 ukaonyesha 30. Basi msomaji aone jinsi mambo yalivyochanganyika: nchi moja, na pengine nyumba moja, yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mzazi aliyezidi uzito. Anayesema "Watanzania wapunguze kula" hasemi kweli yote, na anayesema "Watanzania waongeze kula" vile vile hasemi kweli yote.

Sisi wa Maji ya Chai tuna mfano wetu wenyewe wa kutusaidia kulielewa jambo hili. Mto uliolipa jina eneo letu una maji yenye rangi ya chai. Wageni huitazama rangi hiyo wakafikiri ndiyo hatari yenyewe. Kumbe hatari iko katika madini ya floraidi, ambayo hayana rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeshauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi vya mitaa hii vina zaidi ya hapo mara nyingi. Mtoto huyanywa leo na haoni lolote. Kesho pia haoni lolote. Miaka ikipita meno yanabadilika rangi, na kwa wengine mifupa hupinda. Watu waliijua sababu baada ya maji kupimwa, na hapo Ngurdoto pakawekwa kituo cha kutafiti njia za kuondoa floraidi hiyo kwa mkaa wa mifupa. Uzito nao huingia kwa mwendo huo huo. Hauingii kwa karamu moja ya harusi. Huingia kijiko kwa kijiko, na asiyepima haoni.

Kalori ni nini?

Watu wengi hulitaja neno hili kana kwamba kalori ni kitu kibaya kilichofichwa ndani ya chakula. Sivyo. Kalori ni kipimo, kama meta au kilo. Kalori moja ya chakula, ambayo wataalamu huiita kilokalori, ni kiasi cha joto kinachotosha kupasha kilo moja ya maji, yaani lita moja, ili joto lake lipande kwa digrii moja. Ndizi mbivu yenye gramu 100 bila ganda lake ina kalori kama 89. Maana yake ni kwamba kama nguvu yote ya ndizi ile ingegeuzwa kuwa joto bila kupotea, ingechemsha lita moja ya maji ya baridi, nasi tungekunywa chai. Basi nguvu hiyo ndiyo inayoupa moyo kazi, inayoutia mwili joto, na inayomwezesha mwanafunzi kukimbia mchakamchaka asubuhi. Ikibaki haikutumika, mwili huihifadhi kuwa mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700.

Mtu aliyetuwekea msingi wa hesabu hii alikuwa Wilbur Atwater, mtaalamu wa kemia wa Marekani aliyeishi tangu 1844 hadi 1907. Katika miaka ya 1890 yeye na wenzake walijenga chumba kidogo ambacho mtu aliweza kukaa ndani yake siku kadhaa, akila, akilala na kuendesha baiskeli isiyokwenda popote, huku joto la mwili wake na hewa anayovuta na kutoa vikipimwa. Kutokana na kazi yake twapata kanuni ambayo kila mwanafunzi yafaa aikariri: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini hutoa 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mwaka 1918 daktari mmoja mwanamke wa huko huko Marekani, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu kilichowafundisha watu wa kawaida kuhesabu kalori za chakula chao. Kwa hiyo desturi hii ina zaidi ya miaka mia moja. Simu imeikuta njiani, haikuizaa.

Simu yafanyaje kazi hiyo?

Simu inayofaa ni ile ya kupangusa, wala si kitochi. Ndani yake huwekwa programu maalumu. Mojawapo iliyo maarufu duniani ni MyFitnessPal, iliyoanza mwaka 2005, na ziko nyingine nyingi. Ukiifungua kwa mara ya kwanza, huuliza umri wako, urefu, uzito, kama wewe ni mwanamume au mwanamke, na kazi unazofanya kwa siku. Kisha hukadiria kalori unazohitaji na kukupa kiasi cha kula ili upungue, uongezeke au ubaki ulivyo. Kila ulapo huandika chakula na kiasi chake, nayo hutafuta katika orodha yake, hujumlisha, na kukuonyesha umebakiwa na ngapi.

Ziko programu zinazopiga picha ya sahani na kubahatisha kilichomo. Jambo hilo hupendeza macho, lakini picha haioni mafuta yaliyotiwa katika mchicha, wala sukari iliyokwisha yeyuka ndani ya kikombe. Simu nyingine huhesabu hatua ambazo mtu amekwenda. Hiyo nayo ni faida, mradi mtu asijidanganye. Mtu wa kilo 70 akitembea kilometa moja hutumia kama kalori 50 hivi. Chupa ya soda ya mililita 350, yenye sukari ya gramu 10 katika kila mililita 100, ina sukari gramu 35, yaani kalori 140. Basi soda moja ni mwendo wa karibu kilometa tatu. Anayetembea kilometa moja kisha akajituza soda moja amerudi nyuma.

Vyakula vyetu na orodha ya simu

Hapa ndipo penye shida kubwa kwa watu wa kwetu. Orodha za programu nyingi zimejazwa na watu wa nchi za mbali, wanaonunua chakula kilichofungwa kwenye pakiti yenye maandishi. Nilipoandika neno loshoro katika programu moja, ilijibu kwamba haina chakula hicho. Nilipoandika ugali, nilipewa majibu mengi yanayopingana, kwa sababu kila mtumiaji huruhusiwa kuongeza lake. Tena sisi hatuli kila mtu na pakiti yake. Twala katika sinia moja, na tonge halina kipimo.

Hata hivyo njia ipo, na ni hesabu ya darasa la saba. Maji hayana kalori. Kwa hiyo kalori za ugali wote ni kalori za unga uliotiwa sufuriani. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,600. Songa ugali wako, kisha upime wote kwa mizani. Tuseme umetoka kilo tatu. Basi kila gramu 100 za ugali huo zina kalori 120, na anayekula nusu kilo amepata kalori 600. Ukiusonga laini zaidi, utakuwa na maji mengi, na hesabu itabadilika. Ndiyo maana simu za watu mbalimbali hutoa majibu mbalimbali, wala si lazima mmoja awe mwongo. Njia hii hufaa pia kwa makande, pilau na loshoro: andika vitu vyote vilivyoingia sufuriani, jumlisha, kisha gawanya kwa walaji. Programu nyingi zina mahali pa kuandika mapishi yako mwenyewe namna hiyo.

Wala hatukosi vitabu vyetu. Nchi yetu ina Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 2008 taasisi hiyo, pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani, ilitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania. Ndani yake hupatikana vyakula tunavyovijua, kila kimoja kwa gramu 100. Anayetaka kujua chakula cha nyumbani kwake na aanzie huko kabla ya kuamini jibu la mtu asiyepata kuona mgomba.

Sasa tuangalie mambo mawili yanayowashangaza wengi wanapoanza kuhesabu. La kwanza ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Vijiko vitano ni 600, sawa na ile nusu kilo ya ugali. Watu wengi wanaotaka kupungua huacha ugali wakaendelea na mboga iliyoogelea katika mafuta, kisha husema kwamba miili yao ni migumu. Mwili haukuwa mgumu, mafuta hayakuhesabiwa.

La pili ni chai yenyewe, nasi ndio wenye jina lake. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vidogo vya sukari, hula vijiko tisa. Kijiko kimoja ni gramu 4 kikiwa hakikujazwa kilima. Hizo ni gramu 36, yaani kalori 144 kwa siku, au 4,320 kwa siku 30. Ukigawanya kwa 7,700 utaona ni zaidi ya nusu kilo ya mafuta ya mwilini kwa mwezi. Lakini wanafunzi wa Hisabati wasiharakishe kuzidisha kwa miaka kumi. Mwili unapokuwa mwepesi hutumia nguvu kidogo kuliko kwanza, kwa hiyo upungufu wa kweli huwa mdogo kuliko wa karatasi, na kadiri siku zinavyokwenda huwa wa polepole. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia iyo hiyo haba na haba hukipunguza.

Je, kuhesabu kwafaa?

Wataalamu wamelijaribu jambo hili. Katika uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2008, uliohusu watu karibu 1,700 waliotaka kupungua, wale walioandika kila siku walichokula walipungua karibu mara mbili ya wale ambao hawakuandika. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitangaza matokeo ya kuwajaribu wagonjwa 212 wenye uzito uliozidi. Nusu yao walipewa programu ya MyFitnessPal na nusu hawakupewa. Baada ya miezi sita haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Sababu haikuwa mbali: baada ya mwezi wa kwanza wengi waliacha kuitumia.

Tukiyaweka matokeo haya mawili pamoja, fundisho ni wazi. Kinachosaidia ni kuandika kila siku bila kuchoka. Anayeandika kwa simu na anayeandika kwa daftari la kurasa 48 wako sawa, na mwenye daftari hahitaji bando. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Duka halifi kwa hasara moja kubwa; hufa kwa vitu vidogo vilivyotoka bila kuandikwa.

Tena kuna jambo la ukweli wa mwandishi. Mwaka 1992 uchunguzi mmoja wa Marekani uliwapima watu wanene waliosema kwamba hula kidogo sana lakini hawapungui. Ilionekana kwamba, kwa wastani, waliandika chakula pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula kweli. Wala hatusemi walikuwa waongo. Binadamu husahau: karanga alizotafuna akisubiri gari, ugali ulioachwa na mtoto, andazi alilopewa na jirani. Karani wetu wa simu hawezi kuandika asichoambiwa.

Nani ahesabu, na nani asihesabu

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Yuko mama mmoja, mzazi wa shule hii, mfanyabiashara wa ndizi. Jina lake sitalitaja, lakini yeye na binti yake wameniruhusu nieleze habari yao. Mama huyu aliambiwa kliniki kwamba presha yake imepanda na sukari yake inakaribia kuzidi, na kwamba yafaa apunguze uzito. Binti yake, wakati wa likizo, alimwekea programu katika simu na kumfundisha. Mama aliandika kwa uaminifu. Alipunguza sukari ya chai, akapima mafuta kwa kijiko, na akaacha bodaboda kwa safari za karibu. Kwa miezi mitano alipungua kilo sita, na presha yake ikashuka. Jirani zake walimwuliza kwa huruma kama anaumwa, maana hapa kwetu mtu akipungua watu hudhani maradhi, na akinenepa husema mambo yake yamenyooka. Yeye aliwajibu kwa kucheka.

Lakini katika simu ile ile binti alikuwa amefungua ukurasa wake mwenyewe. Aliandika uzito wake, akaongeza umri wake ili programu imkubali kuwa mtu mzima, akachagua kupungua upesi. Simu ikampa kalori 1,200 kwa siku. Shuleni simu haziruhusiwi, lakini ile tarakimu aliibeba kichwani. Muhula ulipoanza alianza kuacha makande ya mchana. Wiki ya nne alianguka mstarini asubuhi. Matroni alipomwuliza kwa upole, alimwonyesha karatasi aliyokuwa akiandika kila tonge.

Tulimwita mama yake. Aliniuliza, "Mwalimu, simu iliyonifaa mimi yawezaje kumdhuru mwanangu?" Nikamjibu, "Mama, dawa ya mtu mzima haipewi mtoto kwa kipimo kile kile."

Nataka wazazi na wanafunzi walielewe jibu hilo vizuri. Msichana wa miaka 15 au 16 mwenye shughuli za kawaida huhitaji kalori zipatazo 2,400 au 2,500 kwa siku, na mvulana wa umri huo huhitaji zaidi ya 3,000. Mifupa yao inarefuka, damu yao inaongezeka, na akili zao zinafanya kazi mchana kutwa. Binti huyu alikuwa akila nusu ya mahitaji yake. Tena hakuwa amezidi uzito hata kidogo. Alikuwa ameuchukua uzito wake na urefu wake akavifananisha na picha za wasichana wanaotazamwa katika simu.

Kuna kipimo kinachotumiwa na waganga kwa watu wazima. Chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu kwa meta uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima wa kilo 80 na urefu wa meta 1.60 hupata 80 kugawanya kwa 2.56, yaani kama 31. Kati ya 18.5 na 25 ni kawaida. Kupita 25 ni kuzidi uzito. 30 na kuendelea ni unene wa hatari. Lakini mstari huo ni wa watu wazima. Kwa watoto na vijana hadi miaka 19, Shirika la Afya Duniani lina majedwali mengine yanayofuata umri na jinsia. Mwanafunzi asijihukumu kwa mstari usio wake.

Kwa hiyo nasema hivi. Wanafunzi wanaokua wasihesabu kalori ili wapungue, isipokuwa mganga amewaagiza na kuwasimamia. Kina mama wajawazito na wanaonyonyesha hali kadhalika. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano asipunguze chakula kabla ya kumwona mganga, maana sukari yake yaweza kushuka ghafla na kumletea hatari. Na mtu anayepungua bila kutaka asiifurahie simu yake, bali aende hospitali.

Binti yule sasa anakula na wenzake. Haikuwa kazi ya siku moja, wala haikwisha kwa hotuba. Mama yake aliufuta ule ukurasa, na yeye mwenyewe akahamia kwenye daftari ili asiwe akishika simu mezani mbele ya watoto.

Maneno machache kwa anayetaka kuanza

Mtu mzima aliyeshauriwa kupunguza uzito na afuate taratibu hizi.

Kwanza, apime presha na sukari kabla ya kuanza, kusudi ajue anakotoka. Asilenge kuwa kama kijana. Mtu wa kilo 80 akipungua kilo nne tu, yaani asilimia 5, mara nyingi presha na sukari yake huanza kuwa nafuu.

Pili, kwa wiki mbili aandike tu, asibadilishe chakula. Wengi huona wenyewe penye tundu linalovuja.

Tatu, achague jambo moja au mawili, kama sukari ya chai na mafuta ya mboga. Akipunguza kalori 500 kwa siku, hesabu yasema atapungua karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Asitafute zaidi ya hapo.

Nne, ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile. Uzito wa kila siku hupanda na kushuka kwa maji tu, na humvunja mtu moyo bure.

Tano, kama atatumia simu, asiandike humo habari asizotaka zijulikane. Mwaka 2018 wezi wa mtandao waliiba habari za akaunti zipatazo milioni 150 za MyFitnessPal. Nywila ya programu ya chakula isiwe ile ile ya fedha zake.

Sita, akumbuke yasiyoonwa na kalori. Parachichi moja kubwa lenye nyama ya gramu 200 lina kalori kama 320, zaidi ya mara mbili ya ile soda. Je, soda ni bora? La hasha. Parachichi lina nyuzinyuzi, vitamini na mafuta mema, na humshibisha mtu; soda ina sukari na maji. Hali kadhalika maji ya mto wetu yana kalori sifuri, na simu itayaandika kuwa hayana dosari. Tunaoishi hapa twajua sivyo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Wanafunzi wataliona jambo hili tena katika somo la lishe, nami nawaomba waende nyumbani na ile hesabu ya ugali, wakawasaidie wazazi wao kuipiga. Anayehitaji kukopeshwa mizani aje maabara siku ya Ijumaa baada ya vipindi. Na mzazi ye yote atakayeona mtoto wake anasukuma sahani kando siku baada ya siku, asingoje mwisho wa muhula. Aje azungumze nasi mapema.